Kabla ya Kuhama na Gari, Tuliuliza Litalala Wapi

Tulipojua kwamba kazi yangu ingetuhamishia mji mwingine, mambo ya nyumba na shule tuliyamaliza mapema kuliko tulivyotarajia, lakini suala la gari lilituchukua zaidi ya mwezi mzima. Mume wangu aliona kwamba kuhamia mji tusioujua bila gari ni kujifunga miguu, hasa kwa kuwa tungehama na Mama, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kusimama kituoni kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na mashaka, ila sikuwa na hoja ya kuyatetea, kwa hiyo nilichukua daftari na kwa wiki 4 nikaandika kila safari ya gari letu: linakwenda wapi, limebeba nani, na kama kulikuwa na njia nyingine ya kufika.

Nikihesabu kwenda na kurudi kuwa safari mbili, nilipata safari 54. Kati ya hizo, 40 zilikuwa za kwenda kazini na kurudi, 8 za manunuzi na shughuli ndogondogo, 4 za kumpeleka Mama kliniki, na 2 za kwenda kwenye msiba wa jamaa. Nyumba tuliyokuwa tumeipata iko mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kituo cha treni inayopita karibu na ofisi yangu mpya, maana yake zile safari 40 zingefutika zote siku ya kuhama. Gari ambalo tuliliona kama mguu wetu wa kila siku lilikuwa linakwenda kubakiwa na safari 14 kwa mwezi, na katika hizo ni zile 4 za Mama tu ambazo kwa kweli zilinitia wasiwasi.

Hapo ndipo gharama zilipobadilika sura machoni pangu. Tumezoea kuona mafuta kuwa ndiyo gharama ya gari kwa sababu tunayalipia mara kwa mara, lakini bima, ada za serikali, maegesho na kushuka kwa thamani haviulizi umeendesha mara ngapi. Ukizigawa gharama hizo kwa safari 54, kila safari inabeba mzigo mdogo. Ukizigawa kwa 14, kila safari inabeba karibu mara nne ya ule wa awali. Namsihi kila anayefikiria kuhama afanye hesabu hiyo kwa tarakimu zake mwenyewe, kwa kuwa hesabu za jirani zinategemea maisha ya jirani.

Swali lililoamua mambo, hata hivyo, lilikuwa la mahali pa kulilaza. Nyumba yetu mpya haina maegesho, na nafasi ya kukodi iliyo karibu zaidi iko mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Mtu anayelazimika kutembea dakika 10 kulifuata gari, kisha azunguke kutafuta nafasi mwisho wa safari, ameshapoteza sehemu kubwa ya wepesi aliotaka kuununua, na Mama asingeweza kuutembea mwendo huo hata kidogo. Japani imekuwa na sheria kuhusu jambo hili tangu 1962: katika miji kama Tokyo, mtu hasajili gari la kawaida bila uthibitisho kwamba ana nafasi ya kuliegesha nje ya barabara, isiyozidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Naiona sheria hiyo kuwa ya busara sana, na hata pale ambapo haipo ni vyema kila mmoja ajiwekee.

Mahali gari linapolala huingia pia kwenye bima. Kampuni nyingi za bima hupanga malipo kwa kuangalia eneo ambalo gari hukaa usiku, na anayehama bila kutoa taarifa anaweza kupata matatizo siku anapodai fidia. Ni bora kuomba makadirio mapya kwa anwani mpya kabla ya kuamua lolote.

Wapo walionishauri nilichukue tu na kuliacha limesimama hadi litakapohitajika. Fundi wetu alinikataza, na sababu zake zilikuwa za msingi. Gari lililosimama bado linakula betri, kwa kuwa kengele ya wizi na vifaa vingine vya umeme havilali, na baada ya wiki kadhaa huenda lisiwake kabisa. Safari fupifupi za dakika chache nazo si nafuu kwa injini, maana haipati muda wa kufikia joto lake la kazi, na unyevu pamoja na mafuta yasiyoungua hubaki ndani ya oili. Gari la namna hiyo hubadilishwa oili kwa kufuata kalenda badala ya kilomita.

Sisemi kwamba kila mtu aache gari. Anayefanya kazi zamu za usiku, wakati mabasi na treni zimeshalala, au anayebeba vifaa vizito, au mwenye mtu nyumbani asiyeweza kutembea kabisa, anayo sababu ya kutosha, na asikubali kuonekana mbadhirifu. Kinachonisikitisha ni kuona watu wakiamua kabla ya kuujaribu mji wenyewe. Sisi tulikwenda siku tatu mapema, nikapanda treni asubuhi ya siku ya kazi wakati imejaa, kisha nikarudi baada ya saa nne usiku ili nijue njia ya kutoka kituoni ina taa na watu. Ilikuwa nayo. Kama isingekuwa nayo, hesabu zote za daftari zisingenishawishi.

Gari tuliliacha kwa kaka yangu kwa miezi 3, tukakubaliana aliendeshe kila wiki kwa umbali wa kutosha na alipie mafuta yake. Kwa safari za Mama tulimpata dereva wa teksi mtulivu, ambaye humfuata mlangoni na kumsubiri hadi amalize, na Mama anasema anapendelea hivyo kwa sababu hakuna anayekosa kazi kwa ajili yake. Mwezi wa nne tulimuuzia kaka yangu gari hilo kwa thamani iliyotajwa na fundi ambaye hatumjui sote wawili, na siku hiyohiyo tukabadilisha jina la mmiliki na kuijulisha kampuni ya bima, kwa sababu faini za barabarani humfuata aliyeandikwa kwenye kadi hata kama aliye kwenye usukani ni ndugu yake.