Trekta la mwanangu: nilinunua mara mbili ndipo nikapatia

Nilikuwa natafuta trekta la kuchezea la mwanangu, na kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: nunua la chuma. Kaka yangu ndiye aliyenikazania zaidi. "Plastiki haimalizi wiki," aliniambia. "Mnunulie mjomba wangu trekta la chuma, atakuja kuwarithisha wanawe." Mwanangu alikuwa na miaka miwili na nusu, na tangu alipoona trekta likilima hakuwa analala bila kulitaja. Nikamsikiliza kaka.

Nikanunua trekta la chuma la skeli ya 1:32, maana yake limepunguzwa mara 32 kutoka lile la kweli. Lilikuwa zuri kupita kiasi. Lilikuwa na vioo vya pembeni, bomba la moshi, ngazi ya dereva, na vifuta vioo vyembamba kama unywele. Kwa bei yake ningepata matela mawili na ng'ombe wa kujaza zizi. Ubavuni mwa boksi paliandikwa 14+, nami nikadhani ni namba ya toleo. Kumbe ni umri. Matrekta ya namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaoyakusanya na kuyapanga kabatini, hayakukusudiwa sakafu wala mikono ya mtoto. Nawasihi, boksi lisomeni pande zote sita kabla hamjatoa pesa.

Asubuhi aliliendesha sebule nzima. Kabla ya mchana bomba la moshi lilikuwa limekatika. Jioni nikaona kioo kimoja hakipo. Nikapiga magoti, nikamulika chini ya makochi, nikakung'uta mkeka, nikapekua mifuko ya suruali yake. Hakuna. Halafu nikaona shavu lake limevimba kidogo upande mmoja. Nilipomfungua kinywa, kioo kilikuwa kimelala juu ya ulimi, kidogo kuliko punje ya hindi. Hapo nguvu ziliniishia. Nilikaa chini nimemkumbatia, na nilimwachia baada ya muda mrefu.

Kwa hiyo anayewaambia "chuma hakivunjiki" anasema nusu tu ya jambo. Bodi haikuvunjika kweli, ila vyote vilivyopachikwa juu yake vilikuwa plastiki nyembamba. Na bodi hiyo nzito ilipomwangukia kidole cha mguu, kilivimba siku mbili.

Tangu siku hiyo nina kipimo changu. Tishu ya chooni ikiisha, lile bomba la boksi linalobaki katikati silitupi. Kitu chochote cha kuchezea, au kipande chake kinachoweza kung'oka, kikipita humo hakiingii mikononi mwa mwanangu. Wakaguzi wa vitu vya kuchezea wana kikopo chao chenye upana wa milimita 31.7 ndani, na kitu kinachozama chote humo hakiruhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Bomba la tishu ni pana kuliko kikopo hicho, kwa hiyo linakataa vitu vingi zaidi. Mimi naona ni heri hivyo. Kuku wa seti nyingi za shamba hupita humo bila kugusa kingo, na vifaranga ndio usiseme. Wa kwetu nimewafungia mpaka akue.

Kosa la pili lilinichukua muda kulielewa. Nilikuwa nimempatia seti ya wanyama, ng'ombe watatu, kondoo na uzio, pamoja na tela la kufungwa kwenye lile trekta. Akaja jikoni analia: "Mama, ng'ombe hataki kupanda!" Nikamwambia ampandishe polepole. Akarudi tena, na tena. Nilipochukua rula ndipo nikaona kwamba mtoto alikuwa na haki. Ng'ombe mwenye kimo cha sentimita 140 begani, kwa skeli ya 1:32 anatakiwa awe na kimo cha sentimita 4 na kitu. Wetu alikuwa na 8 na nusu, yaani karibu na 1:16. Nilikuwa nimemletea ng'ombe mkubwa maradufu ya tela lake, na boksi la wanyama halikuwa na neno lolote la skeli. Watu wazima hupita juu ya jambo hili, lakini mtoto halivumilii, kwa sababu kwake kazi yenyewe ndiyo mchezo: kupakia, kuvuta, kushusha, kurudi kupakia. Tela lisipopokea mzigo, kazi imekwama na mchezo umekwisha.

Kabla ya kununua tena nikafanya jambo ambalo najivunia mpaka leo. Nilikata vipande vitatu vya boksi. Trekta la kweli la mita 4.8 linakuwa sentimita 30 kwa 1:16, sentimita 15 kwa 1:32, na 7.5 kwa 1:64. Nikaviweka sakafuni bila kusema neno. Kile kidogo alikitia mfukoni. Cha kati alikipita. Kikubwa alikishika kwa viganja viwili, akamsimamisha ng'ombe juu yake, akatambaa akikisukuma mpaka mlangoni huku akinguruma. Jibu likawa hilo, tena limetoka kwa mwenyewe. Skeli ya 1:16 si ngeni: Fred Ertl, aliyeanza kumimina matrekta ya kuchezea ya alumini nyumbani kwake Dubuque, Iowa, Marekani, mwaka 1945, ni mmoja wa walioifanya ipendwe.

Safari hii ng'ombe nilimtia kwenye mkoba nikaenda naye dukani. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unatafuta nini hasa?" Nikamwambia natafuta tela la kumtosha huyu. Alifungua maboksi mawili bila kinyongo, la pili likamtosha. Nikachukua na trekta la plastiki ngumu, lenye tairi pana za nyuma na usukani unaoshikika. Yale yenye king'ora na taa niliyarudisha yote ambayo mfuniko wa betri haukufungwa kwa skrubu. Betri bapa kama kitufe ikimezwa huunguza koo kwa saa chache tu, na sumaku ndogo nazo sizitaki nyumbani.

Kuna kitu nilisahau kukipima: ndoano. Trekta lilikuwa la kampuni moja na tela la nyingine, kwa hiyo pini ya huku haikuingia tundu la kule. Nilikata kamba ya kiatu fupi kuliko shibiri, nikafunga kitanzi kwenye tela, naye akajifunza kukivika kwenye pini mwenyewe. Siku ya tatu alikuwa akikivika huku anaangalia pembeni. Ninyi jaribuni kufunga na kufungua palepale dukani, na mwacheni mtoto ajaribu, maana ndoano inayohitaji nguvu za baba itawafanya muitwe kila dakika.

Kaka alipokuja aliligeuza trekta la plastiki juu chini, akalibonyeza, hakusema kitu. Nusu saa baadaye alikuwa amelala kifudifudi sakafuni akishika geti la zizi. Lile la chuma lipo juu ya kabati, na kioo chake nimekifunga kwenye karatasi kando yake. Hata sasa ninapoandika, ng'ombe wote watatu wamepakiwa, tela linaelekea chini ya kitanda, ambako nimeambiwa ndiko malishoni.