Picha ya mnadani Feri

Mpwa wangu kanitumia picha jana usiku: ngalawa imeegemea mchangani, maji yamekupwa, mbwa kalala kwenye kivuli chake. Chini kaandika, "Mjomba, niambie ukweli." Angeuliza tu kama ni nzuri ningemjibu hapo hapo, kwa dole gumba na moyo mwekundu kama watu wote. Lakini mtu akiniomba ukweli kuhusu picha aliyoipiga mwenyewe, mawazo yangu yanakimbilia moja kwa moja kwenye meza ya Jumamosi na vile vipande viwili vya boksi.

Mnaikumbuka ile meza, kule Upanga, tulipokutana wapiga picha kusemana picha zetu, chai ya rangi na kashata, feni ikipeperusha picha mpaka tunazigandamiza kwa vikombe. Masharti yalikuwa machache. Picha ije imesafishwa kwenye karatasi, siyo ndani ya simu. Mwenye picha anyamaze mpaka wenzake wamalize. Na hakuna ruhusa ya kusema "nzuri" wala "mbaya" kabla hujasema unaona nini. Hilo la mwisho lilikuwa la Mzee. Alikuwa fundi wa studio tangu enzi za filamu, wakati roli moja ina picha 36 na kila ukibonyeza unajua umeshatumia hela ya dawa na ya karatasi. Alipenda kutukumbusha kwamba Mohamed Amin, yule mpiga picha za habari, aliianzisha kampuni yake ya Camerapix hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1963, kijana wa miaka 20 hivi, kabla ya kuihamishia Nairobi. Alikuwa akilisema hilo kila mtu alipoanza kulalamikia kamera yake.

Jioni ninayoisema nilikuja na picha ya mnada wa soko la samaki la Feri. Niliipiga asubuhi na mapema kutoka pembeni, kwa lenzi ndefu ya milimita 200, kwa sababu Feri watu wako kazini na hawapendi mtu anayewaelekezea kamera bila salamu. Niliipenda sana ile picha. Kila kitu kilikuwemo: dalali kanyanyua mkono, wachuuzi na ndoo zao, mafungu ya changu na kolekole, nyuma bahari inameremeta na pantoni la Kigamboni linakatiza.

Wakaanza kusema wanachokiona. Dada mmoja anayepiga picha za harusi alisema jicho lake limekwenda kwenye pantoni. Mwingine akasema ndoo ya bluu. Kijana mmoja akasema anaona bahari nzuri na watu wasio na nyuso, na hapo ikabidi wanieleze kwa utulivu kile ambacho kila mpiga picha wa pwani hukutana nacho: kamera inapima mwanga wa fremu yote na kutafuta wastani, kwa hiyo bahari ikiwaka nyuma, kamera inabana mwanga, na watu walio mbele wanaingia giza. Ukiongeza mwanga stopu moja, yaani mara mbili ya ule wa kwanza, au zaidi, bahari itaungua iwe nyeupe, lakini nyuso zitatoka. Uchague unataka nini. Hayo niliyapokea vizuri tu, yanahusu mkono na kifaa.

Kisha Mzee akafungua bahasha yake.

Vilikuwa vipande viwili vya boksi la viatu, kila kimoja kimekatwa kama herufi L, kingo zake zimepakwa wino mweusi. Aliviweka juu ya picha yangu vikafanya dirisha la mstatili, akaanza kulisogeza. Hakusema kitu. Pantoni likatoka. Ndoo ya bluu ikatoka. Bahari yote ikatoka, ile bahari iliyonifanya niamke saa kumi alfajiri. Dirisha likazidi kupungua, likapita usoni kwa dalali bila kusimama, likabakiza mkono wake tu, vidole vimetanuka. Akasogeza tena kidogo kuelekea chini, akatulia.

Chini ya ule mkono kulikuwa na mama mmoja, kajitanda kanga, mdomo wazi nusu, anamtazama dalali kutoka chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelishika pindo la kanga pale alipofunga hela, na dole gumba lilikuwa linapapasa kile kifundo, kama la mtu anayehesabu bila kufungua. Dirisha zima halikuzidi ukubwa wa kiberiti. Bei ilikuwa inapanda na yeye alikuwa anajiuliza kama zitamtosha. Ile picha niliifungua mara nyingi nyumbani, na mama huyu nilikuwa namwona kwa mara ya kwanza pale mezani.

"Huyu ni nani?" Mzee akauliza.

"Simjui, Mzee."

"Picha yako ni hii, mwanangu. Lakini usiikate. Ukiikata halafu uikuze, itakuwa chenga tupu. Rudi ukamsalimie."

Masikio yaliniwaka moto. Nakumbuka mpaka harufu ya ile chai. Nje getini yule dada wa harusi aliniambia kwamba mara yake ya kwanza alifika nyumbani akalia, na kwamba mpaka leo hana hakika kama ni haki kumnyamazisha mtu wakati kazi yake inapasuliwa mbele ya watu. Nilimwelewa. Kulikuwa na kijana wa Temeke aliyekaa kimya jioni kama hiyo, akaziokota picha zake, asirudi tena. Picha zile zilikuwa na kitu. Huwa namwaza, na huwa najiuliza kama angekuwa bado anapiga laiti mmoja wetu angemfuata nje.

Mimi nilirudi Feri. Nilikwenda kwanza bila kamera, nikanunua vibua, nikaulizia. Nikamkuta. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, leo changu ni wazuri." Tukazoeana. Siku niliyomwomba alicheka, akasema nipige lakini nisimzibie wateja. Nikasogea na lenzi ya 35, ambayo inakulazimisha uwe karibu kiasi cha kukanyaga maji ya barafu yanayotiririka. Uso wake ukajaa fremu, mkono wa dalali ukiingilia juu. Mezani waliipitisha kutoka mkono hadi mkono, na Mzee akasema, "Sasa naona."

Nikamsafishia mama nakala yake, nikampelekea. Alijifuta mikono, akaishika kwa pembe zake, akaitazama muda mrefu.

"Samaki wangu wako wapi?"

Nikamwambia nilitaka uso wake.

"Uso nimeuona, umekunjamana kwa bei. Ila mtu akiitazama hii atajuaje nilikuwa nagombea nini? Wale changu walikuwa wabichi, macho yanang'aa, mashavu mekundu ndani. Na huu mkono ni wa nani? Hauna mwenyewe."

Hakuwa anatania, na hakuwa amekasirika. Alikuwa anaisema picha kama tunavyozisema sisi, bila kufundishwa na mtu: kwanza alichokiona, kisha alichokikosa. Nikampiga nyingine wiki ile ile, kasimama nyuma ya beseni lake, anaitazama lenzi moja kwa moja, macho ya samaki yanang'aa kwelikweli. Hiyo ndiyo aliyoibandika. Nilipoipeleka Upanga wenzangu walisema ni picha ya ukumbusho, na Mzee akavitoa vile vipande vya boksi, akavizungusha juu yake, akavirudisha kwenye bahasha bila kuikata popote. Sikumwuliza alimaanisha nini.

Mzee alishikilia kwamba ya kwanza ndiyo picha. Mama mpaka leo anasema ni ya pili. Wote wawili nimewasikiliza kwa heshima moja, na kila nikienda Feri sauti zao naenda nazo, huyu ananiambia sogea, yule ananiambia rudi nyuma samaki waonekane. Mnada wenyewe hauchukui muda. Boti zikishashusha, dalali akishanyanyua mkono, inabidi niwe nimeshaamua pa kusimama.