Antivairasi ilivyonilia gemu langu la 0 A.D. na nilivyolirudisha bila kupiga window

Mimi ni mtu wa 0 A.D., lile gemu la bure la vita vya kale, unalima, unafuga, unajenga mji halafu unatuma jeshi, na mimi siku zote nachukua Wakushi, wana tembo wa vita na piramidi na ni watu wa bara letu. Lilipotoka toleo jipya nikavizia bando la usiku maana mzigo unapita GB moja, nikalishusha, nikainstoli, nikacheza safi kabisa. Kesho yake nabofya ikoni, naambiwa faili halipo. Kufungua antivairasi nakuta pyrogenesis.exe limetupwa karantini, yaani pale inapofungia mafaili inayoyashuku, eti ni trojani, kirusi kinachojifanya programu halali, na jina la huyo trojani linaishia na Gen, yaani generic, jina la jumla la kubahatisha. Sasa pyrogenesis ndiyo gemu lenyewe, bila hilo faili huna kitu.

Hapo ndipo washauri wakajaa. Fundi mmoja wa mtaani kwetu akaangalia skrini akasema "kaka hii mashine imeshaliwa, tupige window tu, lete elfu ishirini na kitu hivi", yaani afute na kuinstoli Windows upya, na hapo hajafungua hata folda moja! Mwingine akaniambia nizime antivairasi moja kwa moja, mwingine nikaweke drive C yote kwenye orodha ya vitu visivyoskaniwa. Huu wa mwisho uliniudhi kuliko yote. Sisi tunaochapisha vitu steshenari tunajua flashi inavyorudi na virusi, folda zote zimegeuka shotikati, halafu uifungulie C nzima mlango kwa ajili ya gemu moja?

Kulirudisha faili kutoka karantini peke yake hakusaidii. Nilifungua folda pembeni nikawa naangalia, nikabonyeza rejesha, faili likatokea na ikoni yake, nikapeleka mausi, likapotea hapo hapo. Nikainstoli upya, mstari ukaenda vizuri hadi mwisho, naingia kwenye folda, mafaili mengine yote yapo ila lile moja limeshaenda.

Kabla ya kulilazimisha nilitaka uhakika kwamba ni salama kweli. Wildfire Games wanaolitengeneza huwa wanaweka hashi ya kila faili wanalotoa, yaani msururu wa herufi na tarakimu ulio kama alama ya kidole ya faili, kwa hiyo nikafungua kile kidirisha cheusi cha cmd nikaandika certutil -hashfile, jina la instola, halafu SHA1, zikaja herufi na tarakimu 40, nikalinganisha na za kwao, zimelingana zote. Maana yake nilichonacho ndicho walichokitoa, hakuna aliyekichezea njiani. Hii certutil imo ndani ya Windows tayari, hushushi kitu.

Ila hiyo haikunitosha, nikataka kusikia antivairasi nyingine zinasemaje. VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili, inazo kama 70 hivi kwa pamoja, lakini kwenye tovuti yake faili haliruhusiwi kuzidi MB 650, na hata kama lingeruhusiwa, nani ana bando la kupandisha GB? Raha yenyewe ni kwamba huhitaji kupandisha chochote. Nikakata intaneti, nikasitisha ulinzi, nikarejesha pyrogenesis.exe, nikapiga certutil tena safari hii kwa SHA256, zile herufi 64 nikazibandika Notepad, nikawasha ulinzi ukalila faili tena, sawa, lile tu. Nikarudisha intaneti, nikabandika zile herufi kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal, na kwa kuwa kuna mtu duniani alishalipandisha, majibu yakaja hapo hapo. Karibu zote zinasema safi, inayolalamika ni hii yangu na nyingine moja, na zote zinabahatisha tu. Ingekuwa nusu yake zinataja kirusi kimoja kwa jina, ningelifuta mara moja.

Nadhani kilichoitia hofu antivairasi yangu ni SpiderMonkey, injini ya Mozilla ya kuendesha kodi za JavaScript, iliyomo ndani ya gemu hili na pia kwenye Firefox, maana inatengeneza kodi huku programu inaendelea kukimbia, na virusi navyo vina tabia hiyo hiyo. Ukichanganya na toleo jipya ambalo watu wachache wamelishusha, antivairasi inaogopa. Na zinakosea jamani, Aprili 2010 antivairasi ya McAfee ilikamata svchost.exe, faili muhimu la Windows XP yenyewe, makompyuta kibao yakawa yanajizima na kujiwasha.

Basi nikaingiza njia ya faili hilo moja tu kwenye orodha ya vitu vya kuruka, ndipo nikalirejesha kutoka karantini, liko ndani ya %localappdata%, iandike hivyo hivyo kwenye upau wa folda kwa sababu imefichwa. Nikalizipu faili kwa paswedi infected, ndiyo wanayoitumia wenyewe watu wa antivairasi, nikawatumia wenye antivairasi yangu kupitia fomu yao ya kuripoti faili lililokamatwa kimakosa. Siku chache baadaye wakajibu kwamba wamerekebisha, nikaapdeti, nikaliondoa faili kwenye ile orodha, nikaskani, kimya. Usibaki na kitu kwenye orodha hiyo wakati hakihitajiki tena.

Seivu zangu hazikuguswa hata moja, zinakaa Documents, My Games, 0ad, mbali na gemu lenyewe, kwa hiyo hata ukiinstoli upya mji wako unaukuta ulivyouacha.