Tikimt 24, Debre Libanos

Dereva alisema tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, nami sikuhitaji kujumlisha wala kutoa sita. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, tangu jua linapochomoza. Kalenda yao ndiyo inayompiga mgeni chenga: miezi 13, kumi na miwili ya siku 30, na mmoja mfupi, Pagume, wa siku tano au sita. Simu yangu ilisema Novemba 3. Addis Ababa nzima ilikuwa Tikimt 24.

Tena tarehe zenyewe zina wenyewe. Kila mwezi, tarehe 12 ni ya Malaika Mikaeli, 21 ya Bikira Maria, 23 ya Giorgis, yaani Mtakatifu George, 24 ya Tekle Haymanot, mtawa wa Ethiopia. Ndiyo maana basi letu lilijaa pomoni: mtakatifu wa siku hiyo ndiye mwenye Debre Libanos, monasteri tuliyokuwa tunaiendea, kama kilomita 100 kaskazini ya jiji. Tulipanda mlima Entoto gizani, tukapita Sululta na Chancho kukipambazuka, mashamba ya tefu, nafaka yao ndogo, yakiwa yameanza kugeuka rangi. Kisha ardhi ikakatika ghafla, korongo kubwa likafunguka upande mmoja, na nyani wa gelada wakawa wameketi ukingoni wanachuma majani bila habari na sisi.

Kanisa lililopo sasa lilijengwa na Haile Selassie mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tulivua viatu, wanawake upande wao na wanaume wao, shuka nyeupe kila mahali. Shemasi kijana niliyekaa naye kwenye basi alinionyesha Sinkisar, kitabu cha maisha ya watakatifu kilichopangwa siku kwa siku kwa mwaka mzima. Nakala ile ilikuwa ya kupigwa chapa, safu ya Kige'ez, lugha ya kale ya kanisa lao, na safu ya Kiamhari, pembe za kurasa zimekuwa nyeusi kwa vidole na matone ya nta. Kitabu kilitoka kwa Wakopti wa Misri, kikatafsiriwa kutoka Kiarabu mwishoni mwa karne ya 14, na baadaye Waethiopia wakawaingiza watakatifu wao. Kila habari inafungwa na ubeti wa salamu wa mistari mitano, na mtu aliyelelewa na vina vya mashairi husikia utamu wake hata asipoelewa neno.

Siku ile zamu ya kusomwa ilikuwa pia ya Hilarioni, mtawa wa Gaza, mfuasi wa Antoni wa Misri. Lakini umati ulikuwa wa Tekle Haymanot, aliyesimama akisali mpaka mguu ukakatika, akaendelea kusimama na mmoja uliobaki. Wachoraji humpa mabawa sita na kuuonyesha ule mguu pembeni. Mimi ni Mlutheri, nilikuja na tabasamu la chinichini. Liliniisha niliposimuliwa Mei 1937, jeshi la Waitalia, kwa amri ya Graziani, mtawala wao Ethiopia, lilipowaua mamia ya watawa na mahujaji hapa. Ilikuwa wakati wa sikukuu ya Tekle Haymanot, monasteri imefurika wageni. Wauaji nao walijua kusoma kalenda.

Nilimuuliza shemasi kama ni kweli Pontio Pilato yumo kitabuni kama mtakatifu. Yumo, akasema bila kupepesa, Sene 25, pamoja na mkewe. Hilo bado linanikaa vibaya kooni.

Baada ya ibada, kikundi cha waumini wa mtakatifu huyo kilitandika mikeka nje, mkate mkubwa wa dabo ukakatwa na tella, pombe yao ya kienyeji, ikamiminwa. Mama mmoja akataka kujua nimezaliwa siku ya nani. Mei 19, nikasema. Shemasi akahesabu kwa vidole: Ginbot 11, Yared!

Pale mkekani wakanisimulia habari zake, wakikatizana. Yared wa Aksum, baba wa nyimbo za kanisa, alikuwa akiimba mbele ya mfalme Gebre Meskel. Mfalme, akili imechukuliwa na sauti, akauegemea mkuki wake juu ya mguu wa mwimbaji. Damu ikatiririka, na hakuna kati yao aliyegundua mpaka wimbo ulipokwisha.

“Basi imba,” mama akaniamuru.

Nikawaimbia pambio la kwetu, beti mbili tu, maana dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi.