Space Invaders na Kasi Ambayo Hakuna Aliyeipanga

Katika michezo yote ya zamani ya video ya kufyatua risasi, ninaouheshimu zaidi ni Space Invaders, na sababu yangu kubwa ni jinsi wale viumbe wa angani wanavyozidi kuharakisha kadiri wanavyopungua. Mchezaji anaingia akidhani ana nafasi ya kutosha, anawapunguza mmoja mmoja, na kumbe kila anayemwangusha anawaongezea mbio waliosalia.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1978 na kampuni ya Taito ya Japani, na aliyeubuni ni mhandisi Tomohiro Nishikado, ambaye kwa takriban mwaka mzima aliufanyia kazi karibu peke yake: alitunga kanuni zake, akachora viumbe, akaandika programu, na hata vifaa vya kuiandikia programu hiyo ikambidi avitengeneze mwenyewe. Alikuwa amevutiwa na Breakout, mchezo wa Atari wa mwaka 1976 wa kubomoa matofali kwa mpira, lakini alitaka shabaha zinazosogea na kujibu mashambulizi. Alijaribu ndege na vifaru, asiridhike na namna vilivyosogea kwenye skrini. Wanadamu wangesogea vizuri zaidi, ila kuwapiga risasi watu kulionekana kuwa kinyume cha maadili, na hivyo akageukia viumbe wa angani, akawapa maumbo ya pweza, kaa na ngisi. Naona katazo hilo liliufaidi sana mchezo, kwa sababu maumbo hayo ndiyo yaliyoupa sura isiyosahaulika.

Kuhusu kasi yenyewe, viumbe hao ni 55, wamejipanga katika safu 5 za viumbe 11. Prosesa iliyotumika, yaani kifaa kinachoendesha programu, ilikuwa Intel 8080 yenye uwezo mdogo, na programu ilimsogeza kiumbe mmoja tu kila skrini ilipochorwa upya, yaani mara 60 kwa sekunde. Kikosi kamili kilihitaji karibu sekunde nzima ili wote wapige hatua moja. Walipobaki 10, hatua hiyo ilichukua sehemu ya sita ya sekunde. Na wa mwisho alisogea kila skrini ilipochorwa. Nishikado aliliona jambo hilo, akatambua kwamba linaongeza ugumu na msisimko, akaliacha lilivyo. Mhandisi mwingine angeliita kasoro na kulisawazisha. Sauti nayo ilifuata mwendo huohuo: noti nne nzito zilizojirudia bila kukoma, zikienda mbio pamoja na kikosi.

Japani ilifungua kumbi zilizojazwa mashine za mchezo huu pekee. Husimuliwa mara nyingi kwamba sarafu za yeni 100 ziliadimika nchini kwa sababu yake, lakini simulizi hiyo haina ushahidi, nami sioni kama mchezo huu unaihitaji. Nchini Marekani ulisambazwa na Midway, na mwaka 1980 Atari ilipotoa toleo la kuchezea nyumbani, watu wengi walinunua mashine ya Atari kwa ajili ya mchezo huo mmoja. Baadaye msanii wa Ufaransa anayejiita Invader alianza kubandika viumbe wa vigae kwenye kuta za Paris na miji mingine mingi, na mwaka 2013 jumba la makumbusho la MoMA la New York liliuingiza mchezo wenyewe katika mkusanyiko wake.

Mchezo wa Galaxian wa kampuni ya Namco, uliofuata mwaka 1979, ulikuwa na rangi nyingi na maadui waliojitosa kutoka kwenye safu zao, na ni kazi nzuri kweli. Hata hivyo, kwangu urithi mkubwa zaidi wa Nishikado umo ndani ya programu za leo: prosesa za sasa zinaweza kuwachora viumbe wote 55 kwa mkupuo bila kuelemewa, kwa hiyo anayeuandika upya mchezo huu hulazimika kuipanga kwa makusudi kasi ile ambayo mwaka 1978 ilijitokeza yenyewe.