Begi, glasi, basi, kadi: nilivyotumia maneno yetu kuzoea lafudhi za Kiingereza

"Begi" na "glasi" yametoka katika lugha moja, na wenyewe huko wanayaandika kwa "a" ileile: "bag", "glass". Sisi moja tukalipa "e", lingine tukaliachia "a". Hatukukosea. Waliotuletea maneno hayo walikuwa wakizitamka "a" hizo kwa namna mbili, kama wanavyozitamka mpaka leo watu wa London na kusini mwa Uingereza kwa jumla: ya "bag" ni fupi, iko kati ya "a" na "e" yetu, ya "glass" ni ndefu, "glaas". Tungeyapokea kutoka kwa mtu wa Leeds, ambaye kwake "a" zote mbili ni fupi na ni moja, huenda leo tungesema "bagi" na "glasi". Tungeyapokea kwa Mmarekani, labda "begi" na "glesi".

Kazi yangu ni kunukuu sauti za Kiingereza na kufanya ukalimani wa simu, na jambo hili dogo ndilo lililonipa kipimo. Kabla ya hapo nilikuwa nakariri kwa nchi: Mwingereza hivi, Mmarekani vile. Hakukufaa kitu, maana Manchester na London ziko nchi moja, Boston na Dallas nazo nchi moja, na matamshi yao hayafanani. Kinachofaa ni kwenda kwa makundi ya maneno. Mwaka 1982 mwanaisimu John Wells aliyagawa maneno ya Kiingereza katika makundi 24 ya irabu. Mantiki yake ni kwamba lafudhi ikibadili irabu ya neno moja, kwa kawaida hubadili ya kundi lake zima. Ukishamsikia mtu anavyotamka "bus", umeshajua atakavyotamka "cup", "love", "Monday" na "money".

Makundi 24 ni mengi kuyabeba kichwani huku mtu anaongea. Nilianza na saba, na kila moja nikalipa neno letu la kulishikia: glasi, begi, basi, boksi, keki, koti, na kwa ajili ya "r", kadi.

Basi ndilo jepesi. Kusini mwa Uingereza, Marekani na Australia irabu yake inakaribia "a" yetu fupi. Ukipanda kwenda Manchester, Leeds, Liverpool au Newcastle inakuwa "bus" kama "busu" lililokatwa mkia. "Cup" inakuwa "kup", "Monday" inakuwa "Mundei". Hao hawajaharibu neno. Mpaka karne ya 17 "cut" na "put" zilikuwa na irabu moja. Kusini ikagawanyika, kaskazini ikabaki ilivyokuwa. Kwa anayenukuu, hatari iko kwenye jozi kama "luck" na "look", ambazo kwa baadhi ya watu wa kaskazini zinasikika sawasawa. Hapo sikio halitoshi, unaamua kwa maana ya sentensi.

Boksi linamtaja Mmarekani mara moja, kwa sababu yeye husema "baaks". "Hot" ni "haat", "job" ni "jaab", na "doctor" ni "daakter", hata utadhani daktari wetu kashuka jana kutoka Chicago. Koti halina mengi: Uskoti "o" yake imenyooka kama yetu, kusini mwa Uingereza inaanzia katikati ya mdomo ndipo iende kwenye "u". Keki ndilo lenye mtego. Uskoti na kaskazini mwa Uingereza "e" yake inaweza kukaa palepale kama yetu. Kwa wengi wa London na Australia inashuka na kuwa "kaik": "today" ni "tudai", "mate" ni "mait", "eight" ni "ait". Mtu kama huyo akikutajia herufi za jina lake, "A" yake utaiandika "I". Kosa hili halionekani mpaka mtu akatafutwe kwenye mfumo na asipatikane.

Begi nalo lina historia. Sikiliza rekodi za watangazaji wa BBC wa miaka ya 1940: "bag" yao iko karibu mno na "beg". Ya vijana wa London wa leo imeteremka kuelekea "a". Nadhani "e" yetu katika begi, benki, bendi, betri na meneja ni alama ya enzi zile. Nyuzilandi mambo yalikwenda upande wa pili, kama abiria kwenye siti ya nyuma ya daladala: mmoja akisogea, wote wanasogea. "Bag" ikapanda ikawa kama "beg". "E" ya "bed" na "pen" ikasukumwa ikawa karibu na "bid" na "pin". Na "i" ya "fish", iliyokuwa imekaa hapo, ikasukumwa hadi katikati ya mdomo, ikawa sauti hafifu isiyo "i" wala "u". Kusini mwa Marekani pia "pen" husikika "pin", lakini sababu ni nyingine na mipaka yake ni finyu: hutokea mbele ya "n" na "m" tu. "Ten" na "tin" ni sawa, ila "bed" na "bid" zinabaki mbalimbali. Ndiyo maana watu wa huko huongeza neno na kusema "ink pen", ili usilete pini.

Sasa "r", na hapa ndipo Kiswahili kinapojisema chenyewe. Kadi, tochi, fomu, kona, nesi, jezi, skafu, bodi: kila moja lina "r" katika maandishi ya Kiingereza, na kila moja limekuja kwetu bila hiyo "r". Masikio ya waliotutangulia yalikuwa sahihi, kwani haikutamkwa. Kusini mwa Uingereza, Australia na Nyuzilandi kwa sehemu kubwa "r" hutamkwa pale tu irabu inapoifuata. Uskoti, Ayalandi, Kanada na sehemu kubwa ya Marekani hutamkwa popote ilipoandikwa. Boston ya wazee na sehemu za New York zilikuwa zikiiacha kama London.

Anayeiacha "r" ilipoandikwa huiongeza mahali isipoandikwa, kati ya irabu mbili. "Law and order" inakuwa "lor-and-oda", na "Tanzania and Kenya" inakuwa "Tanzaniar-and-Kenya". Mara za mwanzo unatafuta neno linaloanza na "r" ambalo halipo. (Na rekodi za enzi za ukoloni zikisema "Kiinya", hiyo ni Kenya.)

"R" pia hubadilika kwa mtu yuleyule. Mwaka 1962 mwanaisimu wa Marekani William Labov alipita katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati na moja la bei nafuu. Aliwauliza wauzaji mahali pa bidhaa aliyokwisha kujua kuwa iko ghorofa ya nne, ili waseme "fourth floor". Kisha akajifanya hakusikia, wakarudia. Duka la matajiri lilikuwa na "r" nyingi zaidi, na katika kurudia, "r" iliongezeka. Kwa mkalimani hili ni jambo la kutumia: kumwomba mtu arudie hakukupi sauti ileile mara ya pili, hukupa toleo lililotamkwa kwa uangalifu zaidi. Omba bila aibu.

Kwa Kiingereza cha Marekani, sauti iliyonipa taabu kuliko irabu zote ni "t". Ikiwa kati ya irabu mbili, au kati ya "r" na irabu, na silabi inayofuata haina mkazo, Mmarekani huigusa tu kwa ncha ya ulimi, na mguso huo ni "r" yetu ya Kiswahili kabisa. "City" inasikika "siri". "Butter" inaanza kama "bara", "better" kama "bera". "R" yake halisi ni sauti nyingine, ya ulimi uliojikunja bila kugusa kitu. Kanuni niliyojiwekea: nikisikia "r" ya Kiswahili katikati ya neno la Mmarekani, naandika "t" au "d", kamwe si "r". Kuchagua kati ya hizo mbili unategemea maana ya sentensi, kwa kuwa "writing" na "riding" karibu zinalingana. Wengi wa London hawaigusi hata kidogo, wanaifunga kooni kama hamza ya "Kur'ani": "wo'a", "bo'l". Hao wana pia "fink" badala ya "think", "f" ileile iliyoko kwenye "bafu" yetu. Ayalandi "three" mara nyingi ni "tri", na "film" wengi huita "filum", karibu kabisa na filamu.

Mguso huo wa ulimi unasaidia katika namba. "Thirty", "forty" na "eighty" za Mmarekani zina ile "r" yetu. "Thirteen", "fourteen" na "eighteen" zina "t" kamili yenye pumzi, kwa kuwa mkazo uko mwishoni. "Ninety" mara nyingi hupoteza "t" ikawa "naini", "nineteen" haipotezi. "Fifty" na "sixty" hazina msaada huo, maana "t" yake imetanguliwa na "f" au "s". Hapo sikiliza mkazo peke yake.

"Can" na "can't" ndizo hatari kuliko zote, hasa mgonjwa au shahidi anapozungumziwa. Mtu wa London anasema "kaant", huwezi kukosea. Mmarekani "t" ya mwisho haisikiki, na ukiisubiri umepotea. Sikiliza irabu: "can" katikati ya sentensi hufifia mpaka inakuwa "kn", na nguvu inahamia kwenye kitendo kinachofuata, "can't" hubaki na irabu nzima na nguvu yake. "Ai kn GO" ni ninaweza. "Ai KEN go" ni siwezi. Nikisita hata kidogo nauliza kwa maneno mengine kabisa, kwa "able" au "unable".

Sauti za mazoezi nazichukua kwenye hifadhi ya lafudhi ya Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, ambako watu wa pembe zote za dunia wamerekodiwa wakisoma aya moja ya maneno 69. Kwa kuwa maneno hayabadiliki, unachosikia kinabadilika ni matamshi tu. Makundi yangu yote saba yamo: "ask" ni ndugu wa glasi, "bags" ni begi, "brother" ni basi, "Bob" ni boksi, "train" ni keki, "snow" ni koti, "store" ni kadi. Nachora jedwali la safu saba. Mara ya kwanza nasikiliza bila kalamu, mara ya pili najaza nilichosikia kwa herufi za Kiswahili, mara ya tatu nakagua. Lafudhi mbili kwa siku zinatosha, moja ninayoijua na moja ngeni, zikiwa jirani. Kasi siishushi chini ya 0.75, chini ya hapo konsonanti zinavutika na ile miguso ya ulimi inapotea, nawe unajifunza sauti isiyokuwapo.

Jedwali likijaa, linasomeka. "Aask" ndefu na "store" bila "r": kusini mwa Uingereza au Australia, na "train" peke yake haitaamua, maana wengi wa London huishusha kama Waaustralia. "Ask" fupi na "brother" ya "u": kaskazini mwa Uingereza. "Store" yenye "r" na "Baab": Marekani. "Store" yenye "r", huku "snow" na "train" zikiwa zimenyooka: Uskoti.

Yapo maneno yasiyofuata kundi lolote, hayo unayakariri tu. "Schedule" ni "shedyul" kwa Waingereza wengi na "skejul" Marekani. "Herb" Mmarekani huitamka bila "h". "Route" ni "ruut" Uingereza, Marekani "ruut" au "raut". "Z" ni "zed" kwa Mwingereza na "zii" kwa Mmarekani, na "zii" kwenye simu mbovu ni "sii". "Lieutenant" Mwingereza husema "leftenant", Mmarekani "lutenant". Luteni wetu safari hii hakumfuata mtu wa London.

Kwa majina siamini sikio langu wala la mwenzangu. Naomba herufi kwa alfabeti ya marubani: Alfa, Bravo, Charlie. Marubani wenyewe wana hekima na namba pia, 3 wanaitamka "tri", 5 "faif" na 9 "naina", ili "five" na "nine" zisifanane katika kelele. Kiasi cha dawa na tarehe navirudia kabla simu haijakatwa, tarakimu mojamoja: "one-three" au "three-zero", nikisubiri jibu baada ya kila moja.