Herr Mbwana ni mimi au ni babu?

Wapo watu wa kukwambia, ukifika Ulaya jitafutie jina jepesi, ndimi za Wazungu nzito. Aliyeniambia mimi ni mwenyeji wangu, Mbongo wa siku nyingi Ujerumani. Namshukuru kwa godoro na wali wa siku za mwanzo. Kwa ushauri ule, hapana.

Mimi ni Salimu Athumani Mbwana wa Ngamiani, Tanga. Kwetu jina la tatu ni la babu, linakaa kwenye vyeti. Huku ndilo wewe mwenyewe. Siku niliyokwenda kwa daktari wa meno waliita "Herr Embvana!" mara tatu (Herr ndiyo "Bwana" yao), nami nimetulia nawatazama wenzangu, huyu naye anatuchelewesha. Zamu ikanipita. Nyumbani nikabandika "Salimu" kwenye sanduku la barua. Barua zikarudi zilikotoka, ikiwemo ya kibali cha kuishi, na kuifuatilia kulinila siku tatu za kazi na yuro hamsini na ushei. Bandikeni lile la mwisho la kwenye pasipoti, jamani.

Ndipo nikajiita Tom. Ghalani wakawa wanaita Tom asubuhi, Tom mchana, mimi nimeinamia maboksi yangu. Tom hageuki. Wiki ya pili msimamizi akanivuta pembeni, mpole kama anampa mtu habari ya msiba, akaniandikia kikaratasi nikapimwe masikio. Nikaenda! Kijerumani cha kukataa sikuwa nacho. Masikio mazima, cheti ninacho mpaka leo.

Tom nikamzika. Wakati wa chai nikawaambia wenzangu: semeni Hamburg. Wakasema. Haya, toeni "Ha". "Mburg," wakacheka. Kumbe "mb" mnaiweza, iko ndani ya mji wenu, mlikuwa mnanitesa bure! Ikabaki w, ambayo wao huisoma v. Kwenye kabati langu la kazini nikafuta Mbwana, nikaandika Mbuana. Tangu siku hiyo wanaita utadhani wamezaliwa Pangani. Kwamba ni kama wanasema Bwana Bwana, sijawaambia.

Ajabu, nimeanza kuliitikia. Babu alikata mkonge, zao ambalo Wajerumani ndio waliolileta pwani yetu mwaka 1893, na hakuwahi kufika hata Dar. Sasa anaitwa mara arobaini kwa siku Hamburg, tena Desemba, saa mbili asubuhi na jua bado halijachomoza. Nikichelewa, aliyechelewa ni yeye. Nimeacha kuchelewa.

Mama, kwa heshima, hajawahi kulitamka jina la mkwewe. Siku hizi nikipiga simu huanza na swali lake: "Mkwe wangu hajambo huko? Wameshamlipa?"